"Mama, usikate simu": uchambuzi wa kisa cha mwalimu bandia

Kabla ya kisa

Kisa hiki kilitokea mtaani kwetu, katika mji mmoja wa mkoa hapa Tanzania. Mimi ni katibu wa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa, na nilikuwa karibu na mhusika tangu jioni ya siku ile mpaka jalada lilipofikia lilipofikia. Nimemsomea andiko hili lote, akalikubali. Majina ya watu, mtaa, shule, kampuni ya simu na kituo cha polisi nimeyaondoa. Viwango vya fedha na saa nimeviacha vilivyo, kwa sababu humo ndimo mlimo na mafunzo.

Mhusika na mazingira yake

Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mjane, anauza chai na vitumbua asubuhi na kushona mchana. Mtoto wake wa mwisho yuko kidato cha pili, shule ya bweni mkoa wa jirani, safari ya basi ya karibu saa sita. Wanafunzi wa shule ile hawaruhusiwi kuwa na simu, kwa hiyo mama na mwana husikilizana siku za likizo tu, au mwalimu akipenda kumwazima kijana simu yake.

Huyu mama pia ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake 23. Sanduku lao lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, kama ilivyo desturi ya vikoba. Wiki ile wanachama wawili walichelewa kuleta marejesho siku ya kikao, wakampelekea nyumbani Jumatatu. Zilikuwa shilingi 120,000, akazifunga kwenye kitambaa na kuzitia ndani ya kopo la unga zisubiri Jumapili.

Ieleweke kwamba utapeli wa simu alikuwa anaujua. Nani nchini hajapata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani"? Yeye alikuwa akiupata na kuufuta. Miezi miwili kabla ya tukio alikaa mstari wa mbele kwenye mkutano wa mtaa ambao mimi mwenyewe nilisimama kueleza aina za utapeli, moja baada ya nyingine. Nitalirudia hili, maana linanihusu.

Siku yenyewe

Jumatano, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Mama anaosha vikombe uani. Namba ngeni inapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, mimi ni mwalimu wa zamu hapa shuleni kwa kijana. Naomba ukae chini kwanza."

Anakumbuka kwamba aligeuza ndoo akaikalia. Sauti ikamwambia kijana ameanguka kutoka ghorofani wakati wa usafi, amegonga kichwa, anatoka damu puani, wamemkimbiza hospitali na daktari anataka kipimo cha kichwa haraka. Kipimo ni shilingi 85,000 na shule haina fedha taslimu mkononi. "Mama, usikate simu, daktari yuko hapa pembeni yangu." Ikaja sauti ya pili, nzito, yenye haraka, ikamwita "mama mzazi" na kusema kila dakika ina maana.

Wakampa namba ya "mhasibu wa hospitali" na kumtajia kabisa jina litakalotokea. Lilipotokea jina la mwanamke asiyemjua, halikumshtua, kwa kuwa alishaambiwa. Saa nne na dakika mbili 85,000 zikaondoka kwenye simu yake. Ndizo zilikuwa akiba yake yote humo.

Simu ikaendelea. Kipimo kimeonyesha damu imevia ndani, inatakiwa dawa na damu ya kuongezwa, shilingi 120,000. Tazama namba hiyo. Hawakujua chochote kuhusu kopo la unga. Walimuuliza tu, kwa sauti ya huruma, "Mama, hapo nyumbani umebakiwa na kiasi gani?" Naye akajibu ukweli. Alitoka na kitambaa chake hadi kwa wakala wa karibu na stendi, akaweka zile fedha kwenye simu yake, akazituma saa nne na dakika 25. Wakala yule alihesabu noti na kubonyeza. Hakuuliza kitu, na hakuwa na sababu ya kuuliza, kwa kuwa mteja anaweka fedha kwenye namba yake mwenyewe.

Ombi la tatu lilikuwa 250,000 za gari la wagonjwa kwenda hospitali ya rufaa. Sasa mama hana hata senti. Akakumbuka binti mwenye kibanda cha uwakala nyumba mbili kutoka kwake, aliyemjua tangu anasoma msingi.

Dakika 11 kibandani

Binti yule alimwona mama anakuja kanga ikiburuzika, simu imebanwa sikioni na bega. Akaomba akopeshwe 250,000, zitumwe moja kwa moja kwenye namba atakayoitaja, na cherehani iwe dhamana. Mawakala hawatakiwi kumwekea fedha mtu asiyekuwepo mbele yao, ingawa wengi hufanya hivyo kwa wateja wanaowajua.

Binti alishaelewa kinachoendelea kabla mama hajamaliza sentensi ya pili. Lakini hakusema "mama, unatapeliwa". Nilipomuuliza sababu, alinieleza kwamba mwaka uliopita alimwambia hivyo mteja mmoja, mteja akamfokea kwamba anamwombea mwanawe mabaya, akaondoka na kutumia wakala mwingine. Safari hii alisema, "Mama, kaa hapa kwenye benchi, mtandao unasumbua kidogo, ukirudi tu nakutumia."

Kisha akamwita binti wa jirani na kumnong'oneza akimbie nyumbani kwa mama, achukue fomu ya kujiunga na shule kwenye mfuko wa plastiki unaotundikwa nyuma ya mlango. Fomu ilikuwa na namba ya mkuu wa shule. Akapiga kwa simu yake ya pili. Mara mbili haikupokelewa. Muda wote huo mama anasikia sikioni, "Mama mbona kimya? Mtoto anaishiwa damu huku, unataka tumpoteze?" Analia, na anamsihi wakala ajaribu tena mtandao. Binti ananiambia mikono yake ilikuwa ikitetemeka, maana naye alianza kujiuliza: na kama ni kweli?

Mara ya tatu mkuu wa shule akapokea. Kijana yuko darasani, anafanya jaribio la kemia. Mkuu akatembea na simu hadi darasani. Wakala akaiweka kwenye sikio la mama lililokuwa wazi. Sikio moja "daktari" anadai gari la wagonjwa, sikio la pili mwanawe anasema, "Mama, shikamoo. Kuna nini nyumbani?"

Hapo ndipo mama alipoishusha ile simu ya kwanza. Yule mtu alisikika akitukana, kisha akakata.

Maamuzi yaliyofuata, na kwa nini

La kwanza lilifanywa palepale na binti wa kibanda. Alipiga 100, namba ya huduma kwa wateja, akiwa na kumbukumbu namba za miamala yote miwili na simu ya mama mkononi ili mama athibitishe mwenyewe. Ilikuwa saa tano na dakika chache. Zile 85,000 zilishatolewa zote. Katika 120,000 zilikuwa zimebaki 47,000, zikazuiwa. Laiti wangesubiri mama atulie, hizo nazo zingekwenda.

La pili ni la mama. Alimwomba binti asimwambie mtu, akaingia ndani na kufunga mlango. Binti alikaa na jambo lile mpaka jioni, kisha akaja kwangu na kuniambia maneno matatu tu: "Mama hayuko sawa." Namheshimu kwa hilo. Alitunza siri aliyopewa na bado hakumwacha mtu peke yake.

Nilikwenda saa kumi na mbili jioni pamoja na mjumbe wa shina letu, ambaye ni mwanamke na rafiki yake wa siku nyingi. Hatukuanza na fedha. Tulimwomba asimulie kutoka mwanzo huku tukifuatisha kumbukumbu za simu, na nikaandika kila namba, saa, kiasi na jina lililotokea. Namba zote tukaziripoti kwenye 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano ya kupokelea taarifa za utapeli.

Asubuhi tukaenda kituoni. Kaunta tuliambiwa mambo haya ni mengi na hela yenyewe ndogo. Mama alishageuka aondoke. Ilibidi nimpigie polisi kata wetu, akaja, jalada likafunguliwa na tukapewa namba ya RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haina kipengele kinachosema laki mbili ni ndogo mno kuchunguzwa, na kwa mtu anayeuza vitumbua laki mbili ni mtaji wa biashara na chakula cha mwezi.

Uamuzi mgumu kuliko yote ulihusu kikoba. Mama alitaka kuuza cherehani kimyakimya ili Jumapili alete 120,000 kama kawaida. Mimi na mjumbe tulimshauri aseme. Sababu yetu ilikuwa kwamba akiuza cherehani amepoteza kipato chake cha mchana, na siri ya namna ile ingemfanya akope huku na kule bila mtu kujua kwa nini. Alikubali kwa shingo upande.

Kilichotokea

Kikao kilianza vibaya. Mwanachama mmoja alicheka na kusema, "Yaani na wewe umelizwa?" Mama akasimama atoke. Mwenyekiti alimshika mkono, akamkalisha, na akamtaka yule mwanachama aombe radhi kabla ya agenda nyingine yoyote. Baada ya mjadala mrefu walikubaliana mama alipe 5,000 kila wiki na abaki mweka hazina. Wakaweka kanuni mpya: rejesho lililochelewa linasubiri kikao, halipelekwi nyumbani kwa mtu. Zile 47,000 zilirudi baada ya wiki sita, kwa barua ya polisi, zikaingia moja kwa moja kwenye deni. Wiki ya 15 lilikuwa limekwisha.

Siku mbili baada ya kufungua jalada, mama alipigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa wa kitengo cha makosa ya mtandao. Fedha zake zimepatikana, atume 30,000 za kushughulikia faili. Alikata simu na kuja kwangu akikimbia. Hakuna malipo ya kufungua jalada wala ya kurudishiwa fedha iliyozuiwa, na hilo nilikuwa nimemwambia tukiwa njiani kutoka kituoni. Sijui vingetokea nini kama nisingetaja.

Waliopiga simu hawajakamatwa. Mpelelezi alituambia namba iliyopokea fedha imesajiliwa kwa jina la bibi mkulima wa mkoa wa mbali. Bibi yule aliitwa, akahojiwa, akaachwa. Tangu Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, matapeli wanahitaji vidole vya watu wengine. Bibi alisajili laini yake siku ya gulio kwa kijana mwenye mwavuli, akaambiwa "bibi, haijasoma, weka tena kidole", mara ya pili, mara ya tatu. Kila kurudia kulizaa laini asiyoijua. Angeweza kuziona zote kwa kubonyeza *106#, lakini hakuna aliyewahi kumwambia.

Uchambuzi

Swali lililomsumbua mama kuliko yote ni hili: walijuaje jina la mwanangu? Kwa siku nzima aliamini kuna mtu wa shuleni au jirani aliyemuuza, na tayari alikuwa na mtu kichwani. Tulipofuatisha mazungumzo neno kwa neno ndipo ukweli ulipojitokeza. Yule mtu alisema "kijana". Mama ndiye aliyepiga kelele, "Ni mwanangu fulani?" Naye akajibu, "Ndiyo mama, huyohuyo." Shule hakuitaja pia, alisema "hapa shuleni". Kila alichokijua alikipata kwake, na baada ya dakika mbili akamrudishia kama ushahidi. Simu ile ingeweza kupigwa kwa nyumba yoyote. Kwa nyumba isiyo na mtoto wa bweni ingekatika, akapigiwa mwingine. Ndiyo maana kumsimulisha mtu hatua kwa hatua, jioni ileile, kuna faida: hapa kulimwokoa jirani asiye na hatia.

Inafuata heshima. Alianza na shikamoo. Alimwomba akae chini, kama anavyofanya mtu mwenye kuleta habari za msiba kwa ustaarabu wetu. Mama aliniambia, "Tapeli ninayemjua mimi ana haraka na kiswahili cha kijiweni. Huyu alikuwa mtoto aliyelelewa." Sisi kwenye mikutano tumewachora matapeli kama wahuni, na picha hiyo inawafungulia mlango wenye adabu.

Hapa narudi kwenye mkutano wangu. Nilizungumza dakika 40. Nilitaja ujumbe wa kutuma hela, zawadi za promosheni, waganga wa mtandaoni, ajira hewa, muamala uliokosewa. Simu ya mwalimu sikuitaja. Lakini hata ningeitaja, siamini ingemsaidia. Orodha inahitaji mtu aliyetulia, akumbuke, alinganishe. Mama aliyekalia ndoo akisikia mwanawe anatoka damu hana nafasi hiyo, na kazi yote ya wale watu ilikuwa kuhakikisha haipati. Lile "usikate simu" ndilo lililobeba mpango mzima. Simu ikiwa wazi hawezi kupiga shuleni, hawezi kumweleza jirani, hawezi hata kukaa kimya afikiri. Kwa dakika 60 mama alipita mbele ya watu wasiopungua 20 wanaompenda, na hakuna aliyejua.

Binti wa kibanda alifanikiwa kwa sababu alirudisha muda na mtu wa pili. Alisema uongo kuhusu mtandao, na wapo kwenye kamati walioona si sahihi wakala kumdanganya mteja. Mimi namtetea. Kumwambia mtu mwenye hofu kwamba anatapeliwa ni kumlazimisha achague kati yako na uhai wa mwanawe, na hatakuchagua wewe. Kumwambia asubiri hakumdai uamuzi wowote. Hata kama ajali ingekuwa ya kweli, dakika 11 zile zingetumika kumpata mkuu wa shule, na hapo ndipo mama angepata msaada halisi.

Wakala wa stendi simlaumu, ila ni vizuri kuona tofauti. Yeye hakumjua mama. Mteja kwake alikuwa mkono wenye noti. Kibandani alikuwa mama fulani, ambaye huvaa kanga vizuri na leo inaburuzika.

Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano zimekuwa zikitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro mbele kwa majaribio ya utapeli. Watu wetu wamelichukua hilo kwa namna isiyosaidia, wanadhani wakijihadhari na watu wa huko wamesalimika. Anayepiga hakwambii yuko wapi, na mwenye jina kwenye laini anaweza kuwa bibi wa gulioni.

Lakini jambo linaloniuma hasa ni aibu. Baada ya kile kikao cha kikoba, wanawake watatu walinijia kila mmoja kwa wakati wake. Mmoja alipoteza 400,000 mwaka uliotangulia na hakumwambia hata mumewe. Mwingine alipigiwa simu ya mwalimu, hiihii, miezi mitano kabla, akatuma 60,000. Miezi mitano! Alikaa kikao kimoja na mama huyu kila Jumapili. Alinyamaza kwa kuogopa neno lilelile, "umelizwa". Kamati yetu ilikuwa ikihesabu matukio ya utapeli mtaani kuwa machache na kujipongeza. Kumbe tulikuwa hatuambiwi.

Tulichobadilisha na kilichogoma

Mikutano mirefu tumeacha. Tumepita nyumba zenye watoto wa bweni na kuwaomba wazazi waandike namba ya mkuu wa shule na ya mlezi wa bweni ukutani kwa kalamu nene, mahali panapoonekana. Vibao vya 100, 15040 na *106# viko kwenye vibanda. Mtu akitapeliwa, mjumbe wa kike au wa kiume, kadiri mhusika anavyopenda, anakwenda jioni ileile kumsikiliza, na jina lake halitajwi kikaoni bila ridhaa yake.

Mawakala wanane wa mtaa tuliwaomba wakubali jambo moja: mteja akija na simu sikioni kutuma fedha, asubirishwe na aulizwe anaongea na nani. Watano walikubali. Watatu walikataa, mmoja akisema waziwazi kwamba anaishi kwa kamisheni na mteja ana haki na hela yake. Hoja yake si ya kupuuzwa, na hatuna mamlaka ya kumlazimisha. Tena zile 85,000 za kwanza mama alizituma mwenyewe akiwa uani kwake. Hapo wakala hayupo, na mpaka leo kamati haijapata jibu la pengo hilo zaidi ya kile ambacho familia zenyewe zinaweza kufanya.

Kijana alirudi likizo ya Desemba. Siku ya pili yeye na mama yake walikaa uani wakachagua swali moja ambalo jibu lake wanalijua wao wawili tu, la kumuuliza mtu yeyote atakayepiga kwa niaba ya mwenzake. Mama alikuja kunipa habari hiyo akiwa na sahani ya vitumbua. Swali lenyewe sikumuuliza.